Nyuma ya Kioo

Kitabu chenyewe nilikinunua pale Posta, Dar es Salaam, kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu vya mitumba juu ya nailoni kando ya barabara. Jalada la mbele lilikuwa limeshatoka. Muuzaji alianza na shilingi elfu kumi. Nikamwambia bwana, kitu hiki hata mwanzo hakina. Akacheka, tukamalizana kwa elfu tatu. Ndani mlikuwa na picha za rangi za vitu vya fahari vya Ulaya ya zamani: saa, mabirika, viti vya wafalme, vikombe vya kaure. Nilikitaka kwa ajili ya picha tu, nizikate nibandike ukutani.

Picha iliyonizuia kushika mkasi ilikuwa ya kioo. Si kioo cha ukutani kama vile vya saluni. Hiki ni kioo cha kusimama juu ya meza ya kujipambia, na fremu yake ni ya fedha iliyopakwa dhahabu. Kando yake wamepangwa ndugu zake wa chuma kile kile: visanduku, vinara vya mishumaa, burashi. Seti nzima ilifuliwa Paris, Ufaransa, kati ya mwaka 1661 na 1677, na leo iko Edinburgh, katika Makumbusho ya Taifa ya Uskoti. Huitwa seti ya Lennoxlove, kwa jina la jumba ilimokutwa.

Jumamosi moja nikaipeleka picha hiyo kijiweni. Sisi ni kikundi cha waandishi chipukizi, tunakutana kusomeana kazi zetu na kukosoana bila huruma. Mshikaji mmoja akaniambia: "Yaani wewe umeishiwa mada kiasi hicho? Kioo cha bibi wa Kizungu wa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita kinakuhusu nini?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Siku ile sikuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu langu, na nimeiandika nikimfikiria mjomba wangu, ambaye Edinburgh hajapata kufika, na ambaye kwa miaka kadhaa sasa hawezi kujinyoa ndevu kwa mkono wake mwenyewe.

*

Tuanze na mwenye kioo, maana heshima ni kumtaja mwenye nyumba kwanza.

Inaaminika kwamba seti ile ilikuwa mali ya Frances Teresa Stuart, aliyezaliwa mwaka 1647 na kulelewa Ufaransa. Alipofika London akiwa bado msichana, akawekwa kuwa mmoja wa wasichana wa kumhudumia malkia. Uzuri wake ulikuwa gumzo la mji. Mfalme Charles II alimtaka, tena alimtaka kwelikweli, na binti akakataa. Kumkataa mfalme si mchezo. Mwaka 1667 alitoroka usiku akaolewa na Duke wa Richmond na Lennox, na mfalme akafura kwa hasira. Katika miaka hiyo hiyo sura yake ilitumika kuchora Britannia, yule mwanamke aliyeketi na ngao na mkuki kwenye medali na sarafu za Uingereza. Kwa hiyo hata baada ya kuyeyuka yeye, sura iliendelea kuzunguka mifukoni mwa watu kwa karne nyingi.

Lakini mwaka 1668 akaugua ndui. Akapona, ila ugonjwa ukaacha alama zake usoni. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo tu. Hebu fikiria, ndugu msomaji: umesifiwa uso wako tangu utotoni, kisha asubuhi moja unaketi mbele ya kioo chenye fremu ya fedha, na kioo kinakwambia mambo yamebadilika. Mwaka 1672 mumewe akafa ugenini, Denmark, alikokuwa balozi. Frances hakuolewa tena. Alifariki mwaka 1702. Katika kanisa la Westminster Abbey pale London ipo hadi leo sanamu yake ya nta, na pamoja nayo kasuku wake aliyekaushwa. Ni kasuku wa kijivu, wa jamii inayotoka misitu ya Afrika. Inasemekana aliishi na bibi huyo miaka 40 na kufa siku chache tu baada yake. Nilipolisoma hilo nilitabasamu: kumbe ndani ya chumba kile kilichojaa fedha na dhahabu alikuwamo na mwenzetu mmoja, naye hakuulizwa kama anataka kuja.

Bibi aliacha usia kwamba fedha zake zitumike kununua shamba na jumba kwa ajili ya jamaa yake, Lord Blantyre. Jumba la kale la Lethington likanunuliwa na kupewa jina jipya la Lennoxlove, yaani upendo wa Lennox. Ni humo, mnamo mwaka 1900, seti ile ya kujipambia ilipokutwa baada ya kukaa sana bila kutajwa na mtu. Mwaka 1954 makumbusho ikainunua.

Kwa nini wataalamu wanaithamini hivyo? Kwa sababu vyombo vya namna hiyo vya Paris karibu vyote viliangamia, tena havikuibwa wala kuungua. Viliyeyushwa na wenyewe. Mfalme Louis XIV alikuwa na samani za fedha tupu katika kasri la Versailles: meza, vinara, mabeseni, hata vyungu vya kupandia michungwa. Mwaka 1689 vita vikamkaba, akaamuru takriban tani 20 za samani zile zipelekwe kuyeyushwa ziwe sarafu za kulipia majeshi. Wakubwa wengine nao wakalazimika kutoa vyao. Vilivyosalimika ni vile vilivyokuwa vimeshavuka bahari, kama hiki cha Lennoxlove.

Hapa Kiswahili chetu kina akili kuliko lugha nyingi. Sisi chuma kile cheupe tunakiita fedha, na pesa nazo tunaziita fedha. Hatukutenganisha. Hata pwani yetu mambo yalikwenda hivyo hivyo: reale ya Maria Theresa, ile yenye mwaka 1780, ilitumika sokoni kununulia, na masonara nao wakaiyeyusha kufua vikuku na mikufu ya mabibi harusi. Leo pambo, kesho pesa, keshokutwa pambo tena. Ukilitazama vizuri pambo la fedha, utaona ni pesa iliyopumzika.

Sasa nikajiuliza: kabla ya kupumzika, pesa hiyo ilitokea wapi? Nikaanza kupekua, maktaba mchana na intaneti usiku, na hapo ndipo nilipokutana na neno ambalo sikutarajia kulikuta katika habari za bibi wa Kizungu. Neno hilo ni zebaki.

*

Mimi nilizaliwa Geita. Zebaki naijua tangu sijaanza shule. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa mchimbaji mdogo, na zebaki yake aliiweka ndani ya kichupa cha dawa ya kikohozi, kimefungwa kwa kitambaa na kufichwa juu ya kabati. Akiwa na furaha alinimwagia tone kiganjani. Lilikuwa zito ajabu kwa udogo wake. Ukiligusa linapasuka kuwa shanga kumi, ukizisogeza zinarudi kuwa moja. Ukiinama unaona uso wako mdogo ndani yake, umevimba mashavu. Kile ndicho kioo cha kwanza nilichokichezea maishani.

Kwa wasiojua kazi ile, nieleze kidogo. Mawe yanatoka duarani, yanasagwa kwenye karasha mpaka yawe unga, unga unaoshwa mwaloni kwa maji. Yale mabaki mazito yanayobaki unayatia kwenye beseni, unaweka zebaki, unakanda kwa mkono mtupu kama unakanda unga wa chapati. Zebaki ina tabia ya kukamata dhahabu na kuacha mchanga. Ukimaliza unaiweka kwenye kitambaa, unakamua, zebaki ya ziada inachuruzika, na ndani ya kitambaa kinabaki kidonge cheupe. Kidonge hicho unakichoma. Zebaki inakwenda na moshi, dhahabu inabaki. Mjomba alichomea kwenye jiko la mkaa, uani, na siku za mvua alichomea ndani. Sisi watoto tulichuchumaa karibu tungoje kile kitu cheupe kigeuke kuwa cha njano, maana kilipogeuka kuwa cha njano ilikuwa tunakula wali.

Basi nikiwa maktaba nikakuta kwamba hadithi ya kioo cha Lennoxlove imepita njia hiyo hiyo, tena mara tatu.

Mara ya kwanza ni katika fedha yenyewe. Karne ile sehemu kubwa ya fedha iliyofika Ulaya ilitoka Amerika, katika makoloni ya Wahispania. Jina kubwa kuliko yote ni Potosí, katika nchi ambayo leo ni Bolivia. Mwaka 1545 iligunduliwa fedha katika mlima uitwao Cerro Rico, yaani mlima tajiri, wenye kimo cha karibu mita 4,800. Chini yake, mahali pa baridi ambapo hewa yenyewe ni haba, mji ukachipuka kama uyoga, na baada ya miaka hamsini au sitini ulikuwa na watu zaidi ya 100,000. Sisi wa Geita neno tunalo: rashi. Ila rashi ya Potosí iligeuka kuwa utumwa. Katika miaka ya 1570 mtawala wa Kihispania, Francisco de Toledo, aliweka utaratibu ulioitwa mita: vijiji vya wenyeji vilipaswa kutoa wanaume, takriban 13,000 kila mwaka, waende kufanya kazi mgodini. Wengi walifuatana na wake na watoto, safari ya wiki nyingi kwa miguu.

Mawe yenye fedha nyingi yalipoanza kupungua, ikaletwa mbinu iliyokuwa imetumiwa Mexico tangu miaka ya 1550. Mawe yanasagwa kuwa unga, unachanganywa na chumvi, maji na zebaki, kisha watu wanaukanyaga tope hilo kwa miguu yao. Zebaki inakamata fedha. Unaosha, unakamua kwenye kitambaa, unachoma. Nilisoma mistari hiyo mara mbili. Kitambaa kile kile! Moto ule ule! Tofauti ni miaka mia nne na bahari moja.

Zebaki yenyewe ilitoka mgodi wa Almadén, Hispania, na hasa mgodi wa Huancavelica, Peru, ambako watu wa mita walichimba jiwe jekundu la zebaki ndani ya mashimo yaliyojaa vumbi na mvuke wake. Huancavelica iliogopwa hata kuliko Potosí. Bila huo, Potosí ingenyamaza.

Mara ya pili ni katika dhahabu. Nilisema fremu ni ya fedha iliyopakwa dhahabu. Usidhani walipaka kwa burashi kama rangi ya nyumba. Fundi aliyeyusha dhahabu ndani ya zebaki ya moto mpaka ikawa uji mzito, akaupaka uji huo juu ya fedha, kisha akakishika chombo juu ya moto. Zebaki ikatoka kwa mvuke, dhahabu ikashikana na fedha. Baadaye ikasuguliwa kwa jiwe gumu mpaka ing'ae. Fundi aliinamia ule moto kama mjomba alivyoinamia lake jiko. Paris au Geita, pua ni pua.

Mara ya tatu ni katika kioo chenyewe, na hii ndiyo iliyonimaliza.

*

Leo tunapotazama kioo tunadhani tunatazama gilasi. Sivyo. Gilasi ni dirisha tu. Kinachorudisha uso wako ni utando mwembamba ulio nyuma yake. Katika vioo vya zama zile utando huo haukuwa wa fedha. Ulikuwa wa bati na zebaki. Namaanisha bati lenyewe, madini laini meupe, si mabati ya kuezekea.

Kazi ilifanyika hivi. Juu ya meza ya jiwe iliyosawazishwa vizuri, fundi alitandaza karatasi nyembamba ya bati. Akaisugua kwa zebaki, kisha akamwaga zebaki zaidi mpaka bati lote likawa kama ziwa dogo. Juu ya ziwa hilo akatelezesha gilasi iliyosafishwa, polepole, pasiingie hewa wala vumbi. Akaweka mizigo mizito juu yake ili ikandamize, na meza ikainamishwa kidogo ili zebaki ya ziada ichuruzike. Kioo kilikaa hivyo kwa siku nyingi, kikubwa hata kwa wiki kadhaa, na muda wote huo chumba kilijaa mvuke usioonekana wala kunuka.

Mabingwa wa kazi hiyo walikuwa watu wa Murano, kisiwa kidogo jirani na Venice. Serikali ya Venice iliwalinda mafundi wake kama siri ya jeshi. Fundi aliyehamia ng'ambo alihesabiwa kuwa msaliti. Wafaransa walichoka kupeleka pesa zao Venice. Mwaka 1665 waziri Colbert akaanzisha kiwanda cha vioo cha mfalme huko Paris, na mafundi wa Murano wakashawishiwa kwa siri na kwa mapesa mazito wavuke mpaka. Miaka michache baadaye Versailles ikapata ukumbi wake wa vioo, wenye vipande 357, ulioanza kujengwa mwaka 1678 na kumalizika 1684. Wageni walipoingia walipigwa butwaa.

Kuhusu mafundi kuna shahidi mmoja tu ninayemtaka, naye ni daktari. Bernardino Ramazzini alikuwa daktari na mwalimu huko Italia. Mwaka 1700, mjini Modena, alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi. Hakukaa ofisini akaandika. Aliingia kwenye karakana, hata kwa watu wa kutapisha vyoo, akawauliza maswali. Kuhusu watengenezaji vioo aliandika kwamba zebaki huwapoozesha na kuwabana pumzi, na kwamba huko Murano ungeweza kuwaona wakiangalia, kwa shingo upande, mateso yao wenyewe ndani ya vioo walivyotengeneza, na kuilaani kazi waliyoichagua.

Nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo.

*

Mjomba alianza kutetemeka vidole kwanza. Tukasema baridi, tukasema uchovu, tukasema pombe, ingawa kilabuni hakuwa mtu wa kukaa sana. Kisha ufizi ukavimba na meno mawili yakalegea. Kisha likaja jambo ambalo lilituumiza zaidi ya yote: akawa na haya. Mjomba yule! Mtu aliyekuwa akiingia nyumbani tunajua kwa sauti yake tangu barabarani, sasa wageni wakija anajifungia chumbani. Ukimuuliza kitu kidogo anafoka, halafu analia. Kwenye harusi ya dada yangu alikaa nyuma ya nyumba peke yake na sahani ya pilau magotini, kwa sababu mbele za watu wali ulimwagika kabla haujafika kinywani.

Ukoo ukakaa kikao. Mmoja akasema amerogwa na mwenzake wa duara, wamegombea mgawo. Ng'ombe mmoja akauzwa, pesa zikaenda kwa mganga. Hospitali moja alikopelekwa alitibiwa malaria mara mbili. Hakuna daktari aliyepima zebaki mwilini mwake, kwa hiyo siwezi kuapa mahakamani kwamba ni zebaki. Lakini mikono, ufizi na haya zile vyote vimeorodheshwa vitabuni, vimekuwa vikiorodheshwa kwa mamia ya miaka, kwa wachimbaji, kwa wapaka dhahabu, kwa mafundi wa vioo.

Ramazzini alikuwa na ombi moja kwa madaktari wenzake. Aliwaambia kwamba maswali wanayomuuliza mgonjwa hayatoshi. Waongeze moja, nalo ni: unafanya kazi gani? Mwaka 1700 hiyo. Mama ndiye aliyemsindikiza mjomba kila mara, na nilimuuliza kama kuna aliyewahi kumuuliza ndugu yake swali hilo. Akafikiri. "Waliuliza dini," akasema, "na kabila. Na nani atalipa."

Ndiyo maana siwezi kukikata kile kioo na kukibandika ukutani kama ua la plastiki. Kuna waandishi wenzangu wanaoona kwamba vitu vya Ulaya ni vya Ulaya, sisi tuandike vya kwetu. Nawaelewa. Hata mimi nimechoka na hadithi za malkia. Lakini kitu kama hiki ukikigeuza nyuma unakuta watu wa milima ya Peru, wa karakana za Paris na wa kisiwa cha Murano, na ukiendelea kutazama unamkuta mjomba wako kachuchumaa mbele ya jiko la mkaa. Historia ya vitu vya fahari huandikwa kwa majina ya wenye navyo, kwa sababu hao ndio walioacha wosia na picha. Walioacha mikono yao hawana jina kwenye kibao cha makumbusho.

Tena si habari ya kale iliyokwisha. Kweli, vioo vimepona: mwaka 1835 mwanakemia Mjerumani, Justus von Liebig, alionyesha jinsi ya kutandaza fedha halisi nyuma ya gilasi bila zebaki, na ilipofika mwanzo wa karne ya 20 njia ya zamani ilikuwa karibu imekwisha. Kwa hiyo kioo ulichojitazamia asubuhi hii hakikumtetemesha mtu kwa namna ile. Ila zebaki ilihama tu. Leo duniani chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayotolewa na binadamu kwenda hewani ni uchimbaji mdogo wa dhahabu, yaani majiko kama lile la uani kwetu. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake walilishwa sumu hiyo na kiwanda kupitia samaki, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kuna vyombo vya bomba vinavyonasa mvuke ule na kuurudisha kuwa zebaki, mtu asiuvute. Mchimbaji huokoa hata pesa, maana anaitumia tena. Lakini mkataba haujajua njia ya kufika kila mwalo, na kichupa cha dawa ya kikohozi kinaijua.

*

Mwaka jana nilikwenda nyumbani. Mjomba anaishi na mama sasa. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia akiangalia pembeni. Asubuhi ya pili akaniita uani. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, beseni la maji miguuni, na kwenye msumari wa ukutani kimening'inia kioo kidogo cha fremu ya plastiki nyekundu, vile vya kununua gulioni.

"Mpwa," akasema, "kamata huo wembe. Mama yako ananikwaruza."

Nikapaka sabuni, nikaanza taratibu. Ndevu zimeshaingia mvi. Mikono yake aliikalia, chini ya mapaja, ili itulie. Nilipofika kidevuni nikamweleza habari ya bibi Frances, ndui yake na kasuku wake, akacheka kidogo. Halafu nikamweleza habari ya mafundi wa Murano, kwamba kazi yao ilikuwa zebaki, kwamba mikono yao ilitetemeka, kwamba daktari mmoja aliwaona na kuandika kuwa ni kazi ndiyo iliyowaumiza. Si uchawi. Si laana. Wala si kosa lao.

Akanyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani nimemuudhi.

"Waliandikwa?" akauliza.

"Waliandikwa, mjomba. Kitabuni."

"Majina?"

Nikasema hapana, majina hapana.

Akanyoosha shingo nimalizie. Wataalamu wa makumbusho wanasema vioo vya kale vya bati na zebaki havijatulia hata leo: utando wa nyuma hulegea kwa uzee, na vitone vidogo vya zebaki huteremka na kukusanyika kwenye ukingo wa chini wa fremu, baada ya miaka mia mbili, mia tatu. Nilitaka kumwambia na hilo, lakini alikuwa ameshainua uso kukitazama kile kioo chekundu. Akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto, akapitisha kiganja kinachotetemeka juu ya shavu lililonyolewa.

"Umeacha hapa," akasema.

Kweli nilikuwa nimeacha. Nikachukua wembe tena.